Ndege Imechelewa au Imefutwa? Usisaini Vocha Kabla ya Kusoma Hapa

Mzigo umeshapimwa, begi limeshapita kwenye mkanda, na kule Dar ndugu wameshapanga gari la kukupokea. Ghafla skrini inaonyesha kuwa safari imefutwa. Unakwenda kaunta, unapewa kuponi ya chakula na pole nyingi, kisha unaambiwa ukae usubiri.

Wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema "ndiyo safari ilivyo", tunalala kwenye viti, kesho yake tunapanda ndege na mambo yanaisha. Kumbe kuna wakati unaondoka umeacha nyuma euro 600 ambazo zilikuwa zako kisheria.

Swali ni moja tu: ni wakati gani unalipwa, na ni wakati gani hulipwi?

Haki haiangalii paspoti yako

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani sheria za Ulaya ni za Wazungu. Sivyo. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 2005, haiulizi wewe ni raia wa wapi. Inauliza mambo mawili: umepandia ndege wapi, na shirika linalorusha ndege hiyo ni la wapi.

Chukulia ndugu yako anaishi Uholanzi na anakuja nyumbani likizo.

Akitoka Amsterdam kuja Dar es Salaam, analindwa, hata kama shirika ni la Afrika au la nchi za Ghuba. Kilichomlinda ni kuondokea Ulaya.

Akirudi kutoka Dar kwenda Amsterdam na shirika la Ulaya, bado analindwa.

Lakini akirudi na shirika lisilo la Ulaya, kwa mfano kupitia Doha au Addis Ababa, kanuni hiyo haimhusu. Hata kama alikata tiketi ya kwenda na kurudi, safari ya kurudi inahesabiwa peke yake. Mahakama ya Ulaya ililiamua hilo mwaka 2008.

Yaani tiketi moja, abiria yuleyule, lakini kwenda ana haki na kurudi hana. Liweke hilo akilini hata siku ya kuchagua tiketi, sio kuangalia bei peke yake.

Na kama ameondoka Amsterdam halafu akakwama kwenye uwanja wa kuunganisha ndege nje ya Ulaya? Kama safari yote ilikatwa pamoja kwa namba moja ya tiketi, inahesabiwa kuwa safari moja iliyoanzia Ulaya. Kinachoangaliwa ni amechelewa saa ngapi kufika mwisho wa safari. Kama alikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa hela, hapo ajue kila tiketi inasimama peke yake.

Ni shilingi ngapi?

Kiasi kinapangwa kwa umbali, sio kwa bei ya tiketi:

• Hadi kilomita 1,500: euro 250
• Zaidi ya hapo hadi kilomita 3,500: kwa kawaida euro 400
• Zaidi ya kilomita 3,500: euro 600, kama safari inaunganisha Ulaya na nje ya Ulaya

Safari za Ulaya na Afrika Mashariki zinaangukia kwenye kundi la mwisho. Ila ukifika umechelewa kwa zaidi ya saa tatu lakini chini ya saa nne, shirika linaruhusiwa kukata nusu, ukabaki na euro 300.

Pesa hiyo ni ya kila abiria. Mtoto aliyelipiwa tiketi naye anahesabiwa. Baba, mama na watoto wawili ni euro 2,400. Hiyo sio hela ya soda.

Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ilibaki na sheria inayofanana, ila inalipa kwa pauni. Safari ndefu kama London hadi Nairobi, kiwango cha juu ni pauni 520.

Masharti yake ni haya

Kwa kuchelewa: uwe umefika mwisho wa safari kwa kuchelewa saa tatu au zaidi. Saa ya kufika sio pale magurudumu yanapogusa ardhi, ni pale mlango wa ndege unapofunguliwa. Kwa hiyo mlango ukifunguliwa, piga picha ya saa kwenye simu yako. Dakika tano zinaweza kukunyima euro 600.

Kwa kufutwa: uwe umepewa taarifa zikiwa zimebaki chini ya siku 14 kabla ya safari. Wakikuambia mapema zaidi ya hapo, unabaki na haki ya kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine, lakini fidia hakuna. Pia wakikupa ndege nyingine yenye muda unaokaribiana sana na ule wa awali, fidia inaweza kuondoka.

"Ilikuwa hitilafu ya ndege"

Hili ndilo jibu utakalolisikia sana. Sheria inasema shirika halilipi fidia kama kuna jambo lisilo la kawaida, lililo nje ya uwezo wake, na ambalo lisingeepukika hata kwa kujitahidi. Hali mbaya ya hewa, tishio la usalama, mgomo wa waongoza ndege, au ndege kugongana na ndege mnyama angani: hayo yanaweza kukubalika.

Lakini hitilafu za kawaida za kiufundi hazikubaliki. Mahakama ya Ulaya ilisema mwaka 2008 kwamba kutunza ndege ni kazi ya kila siku ya shirika. Mwaka 2021 ikasema pia kwamba mgomo wa marubani wa shirika lenyewe wanaodai maslahi sio kisingizio.

Na anayetakiwa kuthibitisha sababu ni shirika, sio wewe.

Kingine: hata kama sababu ni ya Mungu, chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini ni lazima wakupe. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, shirika moja lilikataa kumlipia abiria gharama za kusubiri. Mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba lilipaswa kumhudumia. Wasipokupa, lipa mwenyewe kwa kiasi cha kawaida, tunza risiti, kisha wadai.

Je, kama safari haina uhusiano na Ulaya?

Tuseme wewe ni mfanyabiashara, unatoka Dar kwenda Guangzhou kupitia Ghuba, ukakwama siku mbili. Hapo hakuna euro 600. Lakini huko mikono mitupu pia.

Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Unahusu safari za kimataifa. Tofauti yake ni hii: haukupi kiasi kilichopangwa, unakulipa hasara uliyoipata kweli. Hoteli uliyolipia ukashindwa kuilala, tiketi ya treni iliyopotea, chakula ulichonunua ukisubiri. Bila risiti, huna kesi. Na shirika likithibitisha kwamba lilifanya kila linalowezekana kuzuia hasara hiyo, linapona. Kikomo cha madai ya kuchelewa kwa sasa ni zaidi ya dola 8,000, lakini hicho ni kikomo, sio kiasi utakachopewa.

Begi likiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi mahakamani ina miaka miwili tu.

Fanya hivi ukiwa bado uwanjani

1. Usitupe kadi ya kupandia ndege. Ipige picha, pamoja na tiketi na skrini inayoonyesha kuchelewa.

2. Uliza sababu, na omba iandikwe. Meseji au barua pepe inatosha. Leo watasema injini, mwezi ujao watasema mvua.

3. Usisaini karatasi ya vocha kwa haraka. Fidia ya Ulaya inatakiwa kulipwa kwa pesa. Vocha ni mpaka wewe ukubali kwa saini, na ukishasaini kwamba umeridhika, umejifungia mlango.

4. Dai kwa shirika lililorusha ndege, sio wakala aliyekukatia tiketi. Wakati mwingine tiketi ina jina la shirika moja na ndege ni ya lingine. Anayedaiwa ni mwenye kuirusha.

5. Andika kwa ufupi: majina ya abiria wote, namba ya safari, tarehe, saa mliyofika, kiasi mnachodai na namba ya kanuni, yaani 261/2004. Tovuti nyingi za mashirika zina fomu yake.

6. Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ulikoondokea. Kwa safari za Tanzania, lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC.

Kuna kampuni zinazokudaia kwa niaba yako. Sio vibaya, ila zinakata sehemu kubwa ya hela. Jaribu mwenyewe kwanza, maana kujaza fomu ni bure.

Bado hujachelewa

Kama ulikwama mwaka jana na ukanyamaza, angalia barua pepe zako za zamani. Muda wa kudai fidia ya Ulaya unategemea nchi: Uholanzi ni miaka miwili, Ujerumani miaka mitatu, Ufaransa mitano, na England, kwa sheria yao, miaka sita.

Mashirika hayatakupigia simu kukukumbusha. Anayelipwa ni yule aliyeandika. Kama una ndugu anayesafiri mwezi huu, mtumie hii kabla hajafika uwanjani.