Kyushu, Japani: mahali watalii wanaenda kuona alama za volkano

Mtu wa Goma akifika Kagoshima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu inchini Japani, atashangaa kuona kitu anachokijua. Mbele ya mji, ngambo ya maji, kuko mlima unaotoa moshi: Sakurajima. Sawa na Nyiragongo yetu, Sakurajima iko kwenye orodha ya volkano 16 ambazo wataalamu wa dunia walichagua zichunguzwe sana, juu ziko karibu na watu wengi. Lakini kule volkano njo inaleta pia watalii. Wanakuja kuona nini?

Lango lililozikwa

Kutoka Kagoshima, boti inavuka kwa dakika kama 15 tu. Zamani Sakurajima ilikuwa kisiwa. Mwezi wa kwanza 1914 volkano ikapasuka, lava ikajaza maji upande wa mashariki, na kisiwa kikaungana na inchi kavu. Leo wageni wanatembea juu ya lava hiyo kwa njia iliyotengenezwa, kisha wanaloweka miguu mu maji ya moto yanayotoka chini ya ardhi, bila kulipa.

Mahali panapogusa moyo ni kijiji cha Kurokami. Pale lango la hekalu, lenye urefu wa metri 3, lilifunikwa na majivu. Leo inaonekana metri moja tu ya juu. Wakaaji walitaka kulichimbua, lakini mkubwa wa kijiji akakataa: libaki vile, ili watoto wa kesho wajue.

Tena maisha yanaendelea. Watoto wanaenda masomo na kaske kichwani, sawa zile za wamotari, na mji unagawa mifuko ya manjano ya kukusanyia majivu.

Shimabara: nyumba chini ya udongo

Volkano ya Unzen, jimboni Nagasaki, iko pia kwenye ile orodha ya 16. Tarehe 3 Juni 1991 wingu la gesi na majivu ya moto lilishuka kwa kasi, likaua watu 43. Kati yao kulikuwa Wafaransa wawili, Maurice na Katia Krafft, mume na bibi waliojulikana sana kwa kupiga picha za volkano.

Baadaye mvua ikateremsha matope, yakazika nyumba nyingi. Nyumba 11 ziliachwa vile zilivyo. Unaona mapaa tu. Masomo ya msingi ya Onokoba, iliyoungua mwezi wa 9 mwaka huo, inasimama bado. Hakuna mwanafunzi aliyekufa mule, juu walikuwa wamekwisha kuhamishwa.

Aso na Beppu

Kwenye mlima Aso, unaweza kukaribia mdomo wa volkano. Lakini gesi inapimwa kila wakati. Ikizidi, njia inafungwa, hata kama umetoka mbali. Wagonjwa wa pumu au wa moyo hawaruhusiwi.

Huko Beppu, maji ya moto yanatoka ardhini kila upande. Mabwawa mengine ni ya kuangalia tu, yanachemka. Mtaa wa Kannawa, watu wanapika mayai, viazi vitamu na mboga kwa mvuke wa ardhi, bila makala wala kuni.

Kabla ya kupanda

Serikali ya Japani inatangaza hatari kwa namba, kutoka 1 mpaka 5, sawa vile OVG inatumia rangi hapa Goma. Mara nyingi Sakurajima iko namba 3: hakuna mtu kukaribia mdomo kwa kilometri 2.

Kwetu, lava ya 2002 iliingia katikati ya Goma, na ile ya 2021 ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Mawe yake tumejengea kuta na nyumba, na hiyo ni haki ya mtu aliyepoteza makao. Lakini mtoto aliyezaliwa nyuma ya 2002, ataonyeshwa wapi lava ilipopita? Kurokami, lango moja tu linatosha kumwambia.