Laptopu ya Kikundi Ikikataa Waifai



Siku hizi fomu za eCitizen, barua za wafadhili na hesabu za chama huangukia laptopu moja, mara nyingi mtumba ulionunuliwa Nairobi. Asubuhi moja inakataa kushika mtandao, na mtu anamwambia katibu, "Hii imekufa, changeni mnunue ingine." Tafadhali msichange bado. Huenda kinachosumbua ni kadi ya waifai tu, kijipande kidogo kuliko kiberiti.

Kwanza hakikisheni kosa ni la kadi. Je, simu iliyo hapo hapo inashika waifai hiyo? Kama haishiki, msilaumu laptopu. Angalieni pia swichi ndogo ubavuni na ile alama ya ndege. Kuna watu hulipa fundi kwa swichi iliyozimwa na mtoto! Kisha unganisheni simu na laptopu kwa waya wa kuchajia, na katika simu mruhusu intaneti ipite kwa USB. Ikiingia, laptopu ni nzima, na kazi ya siku hiyo inaendelea bila kadi yoyote.

Pengine simu inaona jina la waifai lakini laptopu hailioni kabisa. Hapo kadi huenda haijaharibika, ni ya zamani tu. Waifai hutumia hasa mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na kadi nyingi za zamani zinajua yale ya kwanza pekee. Huko Kawangware na Kangemi, ambako ploti zimebanana na waifai ni nyingi, mawimbi ya 2.4 husongamana kama matatu ya jioni, maana nafasi zake zisizogongana ni tatu tu. Ya 5 yana nafasi zaidi, ingawa hupenya kuta kwa shida. Kadi mpya itasaidia.

Lakini ipi? Kabla mtu hajapanda matatu namba 46 kwenda mjini, fundi wa karibu afungue kifuniko cha chini asome kadi iliyomo. Laptopu nyingi za kufikia 2013 hivi hutumia kadi iitwayo Mini PCIe. Zilizofuata hutumia M.2, ya milimita 22 kwa 30. Moja haiingii mahali pa nyingine. Laptopu nyembamba za kisasa nyingine zimechomelewa kadi kwenye bodi, na hizo msihangaike nazo.

Na kuingia peke yake hakutoshi. ThinkPad nyingi za zamani, kwa mfano T430 ya 2012, na HP kadhaa za miaka hiyo, hukubali tu kadi zilizoidhinishwa na kampuni. Ukiweka nyingine, ThinkPad huonyesha kosa namba 1802 na kugoma. Kwa laptopu za karibuni, mtego ni tarakimu ya mwisho. Intel AX200 na AX210 hufanya kazi katika laptopu nyingi za M.2, lakini AX201 na AX211 zinataka prosesa ya Intel inayopatana nazo. Kwa macho ni mapacha.

Kwa hiyo nendeni Luthuli Avenue au Moi Avenue mkiwa na laptopu yenyewe. Ulizeni bei duka mbili tatu. Kadi iwekwe mkiangalia, laptopu ikiwa imezimwa, chaja na betri zimetolewa. Zile nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, ndizo antena. Zisipobanwa vizuri, waifai itashika pale mezani kwa fundi na kupotea mkifika Uthiru. Jaribuni mkiwa mbali kidogo na kisanduku chake cha waifai.

Mweka hazina anisikilize hapa: msiiache laptopu yenye daftari la akiba za wanachama ilale dukani. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Nakilini faili kwenye flashi kabla ya safari, na mwandike namba za memori na diski. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini pesa ni za watu.

Laptopu ikikataa kadi zote, nunueni kijiti cha waifai cha kuchomeka kwenye USB. Hakuna kufungua chochote. Ubaya wake ni kupotea, basi kifungeni uzi. Kadi ya zamani mrudishiwe, ikae kwenye bahasha pamoja na risiti.