Pampu Inaungua Kila Kiangazi? Kagua Waya Kwanza

Kiangazi kimeingia, hoho na nyanya zinataka maji, na simu za "afisa, pampu imeungua tena" zimeanza. Lawama huwa zinakwenda kwa aliyeuza pampu, au kwa fundi aliyesuka koili mara ya mwisho. Mimi huuliza kitu kimoja kabla ya vyote: kutoka kwenye mita ya LUKU hadi kisimani ni mita ngapi, na umevuta waya gani?

Hapa Mzumbe na upande wa Mlali mashamba mengi yamekaa hivi: nyumba na umeme viko juu karibu na barabara, maji yako chini bondeni. Mita 150 si jambo la ajabu. Mtu anashuka Morogoro mjini, anaomba "waya wa soketi", yaani ule wa 2.5, kwa sababu nyumbani unabeba pasi na hausumbui. Ni kweli hausumbui, lakini nyumbani umesafiri mita 15 tu. (Hiyo 2.5 ni milimita za mraba za shaba ukiukata waya, siyo upana wa ganda.)

Waya wowote unakula volti kidogo kwa kila mita. Kwa waya wa shaba, kila ampea 1 ikisafiri mita 1 inapoteza milivolti 18 kwenye waya wa 2.5, milivolti 11 kwenye wa 4, 7.3 kwenye wa 6, 4.4 kwenye wa 10 na 2.8 kwenye wa 16. Kwenda na kurudi vimeshahesabiwa humo. Zidisha namba hiyo kwa ampea za pampu, zidisha kwa mita, gawanya kwa 1,000. Unapata volti zilizopotea.

Chukua pampu ya HP 2 ya fezi moja, inayovuta kama ampea 10. Usikisie, soma kibati cha mota yako. Kwa mita 150 na waya wa 2.5: 18 × 10 × 150 ÷ 1,000 = volti 27. Mita inatoa 230, pampu inapata 203. Na hapo tumeupa umeme heshima, maana jioni kijiji kizima kikiwasha hata hiyo 230 huioni. Mota ikipewa volti pungufu haipunguzi kazi, inaongeza ampea. Koili inachemka, vanishi inaungua. Wakati wa kuwaka ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mota huvuta mara tano au sita ya kawaida, volti zinaanguka, pampu inanguruma bila kuzunguka.

Waya wenyewe hauungui. Ampea 10 ni kidogo kwake, na ndiyo maana watu hawaushuku.

Kwa waya wa 6 unapoteza kama volti 11, karibu asilimia 5. Wengi wanaishia hapo. Ushauri wangu kwa mita 150 ni wa 10, unaopoteza volti 6.6 tu, ubaki na nafasi ya ile jioni mbaya. Najua bei inauma. Ila hesabu na hili: wa 2.5 unapoteza wati 270 njiani. Ukimwagilia saa 6 kwa siku, ni karibu uniti 49 kwa mwezi ulizozilipia zipashe udongo joto. Wa 10 unapoteza kama uniti 12. Zidisha tofauti kwa bei unayonunulia LUKU, halafu ongeza gharama ya kusuka mota na nyanya zilizodondosha maua.

Wengine wananunua stabilaiza waifunge kule kisimani. Inapandisha volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi kwenye waya uleule mwembamba. Na breka ikianguka kila mara, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi. Breka iko pale kulinda waya.

Dukani, omba kipande ukwangue kwa kisu. Rangi ya shaba ikitoka na ndani kukawa kweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu ya hapo juu haiihusu. Aluminiamu si dhambi, lakini kwa kazi ileile inabidi iwe nene zaidi, kama mara moja na nusu au zaidi. Waya wa ndani ya nyumba usiufukie wala kuuning'iniza kwenye miembe. Jua linapasua ganda, panya wanamaliza. Nunua wa ardhini wenye koti la chuma, uchimbie sentimita 60 jembe lisiufikie, na waya wa ethi ufike hadi kwenye pampu. Pale chini unasimama kwenye matope.

Wa sola, kwenu ni kali zaidi. Kwa volti 48, ampea 5 na mita 50 za waya wa 2.5, zinapotea volti 4.5, zaidi ya asilimia 9. Weka paneli jirani na kisima, maji ndiyo yasafiri kwenye bomba.

Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Akimaliza, pampu ikiwa inasukuma maji, mwambie apime volti kwenye mita, kisha palepale kisimani. Tofauti ikizidi volti 11, msimalizane malipo kwanza.