NANI ALIHESABIWA? WASICHANA WANAMICHEZO NA MARADHI YA ULAJI



Tuseme bwana shamba amefika kijijini kwenu kuchunguza mahindi. Ametazama mashamba matatu tu, yote yakiwa bondeni kando ya barabara, penye maji na rutuba. Kisha ameandika: "Mahindi ya kijiji hiki hayahitaji mbolea." Wewe mwenye shamba la mlimani ukifuata maneno hayo, utavuna mabua. Bwana shamba hakusema uongo juu ya mashamba aliyoyaona. Kosa lake ni kusema juu ya mashamba ambayo hakuyaona.

Kosa la namna hiyo limetokea katika elimu ya afya ya wasichana wanamichezo. Leo tutaeleza lilivyotokea, na kwa nini linamhusu mzazi na mwalimu wa hapa kwetu.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Yako maradhi ambayo humfanya mtu akifanye chakula kuwa adui yake. Mgonjwa huogopa kunenepa hata kama amekonda. Wengine hujinyima chakula mpaka wakabaki mifupa. Maradhi hayo huitwa anoreksia. Wengine hula chakula kingi kwa pupa, kisha hujitapisha kwa siri au hunywa dawa za kuharisha. Hayo huitwa bulimia. Mambo haya siyo kiburi wala deko. Ni ugonjwa, nao huua. Mwaka 1994 Christy Henrich, msichana wa Marekani aliyekuwa hodari katika mchezo wa jimnastiki, alikufa kwa maradhi haya akiwa na umri wa miaka 22.

Mwaka 1992 wataalamu wa tiba ya michezo walikutana Marekani. Walieleza mambo matatu yanayokwenda pamoja kwa wasichana wanamichezo: ulaji mbaya, kukoma kwa hedhi, na mifupa kudhoofika. Tuyafananishe na mafiga matatu. Figa moja likiteleza, chungu huyumba.

Mambo haya huungana hivi. Chakula ndicho kinachoupa mwili nguvu. Msichana anayekimbia kilomita nyingi kila siku hutumia nguvu nyingi katika mazoezi. Kinachobaki ndicho mwili unachogawa kwa kazi nyingine. Kikiwa kidogo, mwili hufanya kama mama mwenye nyumba wakati wa njaa. Hutanguliza kazi ambazo bila hizo hakuna uhai, kama vile kupiga kwa moyo na kupumua. Kazi za uzazi husimamishwa, na hedhi hukoma. Mifupa nayo hukosa kujengwa vizuri, katika umri ule ule ambao ingepaswa kuwekewa akiba ya maisha yote. Baadaye mfupa huweza kupata ufa kwa sababu ya kukimbia tu, bila msichana kuanguka.

Nani alichunguzwa?

Habari nyingi tunazozijua juu ya maradhi haya zimetoka Ulaya na Marekani. Uchunguzi maarufu ni ule wa Norway, uliotolewa mwaka 2004. Ulionyesha kwamba, kwa kila wanamichezo bora wanawake 100 wa nchi hiyo, kama 20 walikuwa na maradhi ya ulaji. Kwa wanawake wasio wanamichezo walikuwa kama 9 kwa kila 100. Katika michezo inayotazama umbo, kama jimnastiki, idadi ilifika 42 kwa kila 100.

Uchunguzi huo ni mzuri, na ni wa kweli kwa Norway. Lakini kutokana na chunguzi za namna hiyo, watu wengi walijijengea picha moja kichwani: mgonjwa ni msichana Mzungu, mwembamba, wa nyumba yenye uwezo, anayejitazama kwenye kioo.

Tutoe mfano mwingine. Wataalamu hutumia kipimo cha kuonyesha ni wakati gani chakula hakitoshi: chini ya kalori 30 kwa siku kwa kila kilo moja ya mwili, bila kuhesabu uzito wa mafuta. Kipimo hicho kilitegemea sana uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2003. Waliochunguzwa walikuwa wanawake vijana 29, tena hawakuwa wanamichezo. Kipimo hicho kimesaidia, lakini ni mashamba machache ya bondeni.

Hata katika elimu ya michezo kwa jumla wanawake wamehesabiwa kidogo. Mwaka 2021 wataalamu walipitia taarifa zaidi ya 5,200 za uchunguzi wa michezo zilizotolewa kati ya mwaka 2014 na 2020. Katika kila watu 100 waliochunguzwa, wanawake walikuwa 34 tu.

Hasara ya picha moja

Picha moja huziba macho. Mwaka 2006 jaribio moja la Marekani lilionyesha jambo hilo waziwazi. Wataalamu wa tiba ya akili walipewa habari za msichana mwenye dalili za maradhi ya ulaji. Habari zilikuwa zile zile kwa wote, ila wengine waliambiwa kwamba msichana ni Mzungu, wengine kwamba ni wa asili ya Amerika ya Kusini na nchi jirani, na wengine kwamba ni Mweusi. Alipokuwa Mzungu, wataalamu 44 kwa kila 100 waliona ana tatizo. Alipokuwa wa asili ya Amerika ya Kusini, waliona 41. Alipokuwa Mweusi, waliona 17 tu. Ugonjwa ulikuwa ule ule, lakini macho ya mganga hayakuuona.

Je, kwetu Afrika Mashariki?

Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Kenya. Wasichana wakimbiaji hodari 61 walilinganishwa na wasichana 49 wasio wanariadha. Kwa muda wa siku tano chakula chao kilipimwa kwa mizani, na mazoezi yao yakaandikwa.

Matokeo yafaa kusomwa polepole. Upungufu mkubwa wa nguvu ulionekana kwa kama 18 katika kila wakimbiaji 100, lakini kwa wasio wakimbiaji ni kama 2 tu. Matatizo makubwa ya hedhi yalikuwa kwa kama 33 katika kila wakimbiaji 100, na kwa wengine kama 18. Lakini dalili nzito za ulaji mbaya, zile zinazotokana na fikra za mtu juu ya chakula na mwili wake, hazikuwa nyingi zaidi kwa wakimbiaji. Walikuwa nazo kama 5 kwa kila 100, na kwa wasio wakimbiaji kama 10. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa idadi hiyo ya watu, haitoshi kusema kundi moja lilizidi jingine.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, anayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu amekosea. Wasichana wenye dalili walikuwapo katika makundi yote mawili. La pili, msichana anaweza kupungukiwa nguvu bila kuogopa unene hata kidogo. Huenda anatoka nyumbani alfajiri bila kula, au mazoezi yameongezwa na sahani ikabaki ile ile, au hakuna aliyemweleza kwamba mkimbiaji anahitaji chakula zaidi. Anayemwuliza tu, "Je, unaogopa kunenepa?" atajibiwa "Hapana," naye ataondoka akidhani kila kitu ni salama.

Tusirudie kosa la bwana shamba. Wasichana 61 wa Kenya si wasichana wote wa Afrika. Mcheza netiboli wa Tanzania na mcheza mpira wa Kongo nao wanapaswa kuhesabiwa.

Tufanye nini?

Mzazi na mwalimu wa michezo, yashikeni haya:

1. Kukoma kwa hedhi si dalili ya mazoezi mazuri. Msichana akikosa hedhi miezi mitatu, au akifika miaka 15 bila kuianza, aende kwa daktari au zahanati.

2. Msimkaripie. Wasichana wengi huficha jambo hili kwa kuogopa kudhaniwa kuwa wana mimba. Mimba ipimwe, ndiyo, lakini isiwe sababu pekee inayofikiriwa.

3. Mazoezi yakiongezwa, chakula nacho kiongezwe. Uji wenye karanga kabla ya mazoezi, na ugali, viazi au ndizi pamoja na maharage au dagaa baadaye, vinatosha kuanzia.

4. Msimsifu msichana kwa kukonda, wala msimtanie kwa unene mbele ya wenzake.

5. Maumivu ya mfupa yasiyoisha, uchovu wa kila siku, na kwenda chooni kila baada ya kula ni dalili za kuangaliwa.

6. Wachunguzi wakija shuleni, waulizeni: Mnamhesabu nani? Siri za watoto zitatunzwaje? Matokeo tutayapata lini? Mkiridhika na majibu, na msichana mwenyewe akikubali, mruhusuni ahesabiwe. Asiyehesabiwa hutibiwa kwa kipimo cha mwingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika shule yenu, wasichana wanaofanya mazoezi jioni hula nini tangu asubuhi, na saa ngapi?

2. Msichana wa kijijini kwenu hedhi yake ikikoma, anaweza kumwambia nani bila hofu? Kama hayupo mtu wa namna hiyo, nani anafaa kuwa mtu huyo?