Ufito kwenye bampa na wati zinazopotea njiani

Kwenye barabara ya Arusha kwenda Karatu, gari la watalii mara nyingi hulitambua kabla hujasoma maandishi ya ubavuni. Kwenye bampa ya mbele pamesimama ufito mrefu, na unayumba kila gari linapopanda tuta. Land Cruiser za mashirika ya misaada huko Goma nazo hubeba fito za namna hiyo. Kwa ufito huo dereva huzungumza na ofisi iliyo mamia ya kilomita mbali, mahali ambapo hakuna mnara wa simu. Waendeshaji wa redio za ridhaa, wale waliopewa leseni na mamlaka ya mawasiliano na kitambulisho kinachoanza na 5H kwa Tanzania au 5Z kwa Kenya, huufunga kwenye magari yao wenyewe, na wengi huutengeneza kwa mikono. Nauheshimu sana ufito huu. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo kinachoonyesha wazi hivi umeme unavyogeuka kuwa mawimbi, na pale unaposhindwa kugeuka, unakwenda wapi.

Mwaka 1888 Heinrich Hertz, akiwa Karlsruhe nchini Ujerumani, alithibitisha kwamba cheche ya umeme hurusha mawimbi angani. Antena yake ilikuwa na mikono miwili iliyonyooshwa huku na huku. Mwaka 1895 Guglielmo Marconi, nyumbani kwao karibu na Bologna, aliinua mkono mmoja juu na mwingine akauunganisha na ardhi. Umbali ukaruka, mawimbi yakavuka kilima. Ardhi ilikuwa imeshika kazi ya mkono wa pili.

Gari haliwezi kuzika waya kila linaposogea, na limekaa juu ya mpira. Kwa hiyo mkono wa pili ni bodi lenyewe. Bati la chini na ardhi iliyo chini yake hufanya kapasita kubwa, na umeme wa masafa ya redio hupita humo kama vile mpira haupo. Anayenunua ufito amenunua nusu ya antena. Nusu nyingine ni gari, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Urefu una hesabu nyepesi. Gawa 300 kwa masafa yaliyo katika megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita, na ufito hufanya kazi kwa raha ukiwa robo ya urefu huo. Kwa megahezi 145 robo ni nusu mita tu, ndiyo maana antena ya VHF juu ya paa la gari ni fupi. Kwenye megahezi 7, masafa yanayofaa sana kwa kuzungumza ndani ya nchi na nchi jirani, wimbi lina karibu mita 43 na robo yake ni mita 10.7 hivi. Ufito wa mita 10 haupiti chini ya nyaya za umeme wala daraja. Mtu anabaki na mita 2 na nusu hivi, na lazima aongee nazo.

Ufito mfupi kiasi hicho huusukuma umeme urudi ulikotoka. Dawa yake ni koili. Waya uliozungushwa huvuta upande wa pili wa msukumo ule, na vikilingana, umeme huenda na kurudi kwa wakati wake, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa pale pale anapoanza kurudi mbele. Koili haiufanyi ufito uwe mrefu. Inaondoa kikwazo tu, na ufupi unabaki na gharama yake.

Gharama hiyo inahesabika. Ufito wa robo kamili juu ya ardhi nzuri huuonyesha umeme mzigo wa omu 36 hivi, na karibu nguvu yote inayoingia kwenye mzigo huo hutoka kama mawimbi. Ufito wa mita 2.4 kwenye megahezi 7, koili ikiwa chini, mzigo wake wa kurusha ni omu 1.3 tu. Sasa tuseme koili nzuri inakula omu 4.5, na bodi pamoja na ardhi vinakula omu 8. Jumla ni omu 13.8. Ukiingiza wati 100, zinazotoka hewani ni 9. Zile 91 zinaipasha moto koili na udongo ulio chini ya gari.

Wati 9 zinatosha kuongea na bara jingine, na watu hufanya hivyo. Lakini angalia inasema nini mita ya SWR, ile inayoonyesha upatano wa kebo na antena, ambapo 1 ndiyo upatano kamili. Kebo inayotoka kwenye redio ni ya omu 50. Antena hii ya omu 13.8 itaonyesha 3.6, na mgeni ataona ni mbovu. Halafu chukua antena ileile, ifunge kwenye bampa iliyopakwa rangi bila kukwangua, tumia koili ya waya mwembamba. Upotevu wa chini upande hadi omu 25, wa koili hadi omu 9. Jumla imekuwa omu 35, mita inashuka hadi 1.4, mwenye gari anafurahi. Zinazotoka hewani sasa hazifiki wati 4. Mita imesifia joto. Kipimo hiki kinaeleza kama kebo na antena vinapatana. Hakielezi nguvu imeishia wapi, na natamani kila anayeanza aambiwe hivyo kabla hajauziwa antena kwa sababu tu sindano inalala chini. Antena nzuri ya omu 13 huongezewa koili ndogo ya mizunguko michache kati ya kitako cha ufito na bodi, nayo huipandisha hadi omu 50 bila kuchoma nguvu yoyote ya maana.

Koili kubwa ndiyo ya kuhangaikia. Umeme wa megahezi 7 hauingii ndani ya shaba. Hukimbia kwenye ngozi ya nje yenye unene wa sehemu kama 25 za elfu za milimita. Kwa hiyo kinachotakiwa ni ngozi pana, yaani waya mnene na safi. Bomba la plastiki la milimita 63 linafaa. Zungusha waya wa shaba wa milimita 2, mizunguko 25 hivi ndani ya urefu wa sentimita 8, ukiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Anza na mizunguko mingi kidogo, kisha punguza mmoja mmoja hadi masafa yapatane. Koili ikipandishwa katikati ya ufito, mzigo wa kurusha huongezeka karibu mara mbili, ila koili nayo itataka kuwa kubwa karibu mara mbili. Faida ipo, si kubwa kama inavyosimuliwa. Mwendeshaji wa redio za ridhaa Don Johnson wa California alitumia mota ya bisibisi ya betri kuisogeza koili dereva akiwa kwenye kiti, na antena za aina hiyo bado zinaitwa kwa jina la bisibisi.

Kwenye bodi, kwangua rangi hadi bati ling'ae. Boneti, milango na bomba la moshi viunganishe na chesisi kwa mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi na mpana, kwa sababu bawaba zenye kutu haziaminiki.

Na usiuguse ufito wakati wa kurusha. Juu ya koili yetu ile, wati 100 zinaleta zaidi ya volti 2,000. Huunguza ngozi papo hapo, na mtoto aliyesimama kando ya gari hajui hilo.

Linabaki suala la pembe. Ufito uliosimama wima hurusha kuelekea upeo wa macho, na karibu haurushi kitu juu utosini. Kwa mtu wa mbali, hiyo ni neema. Lakini gari likiwa Arusha na rafiki akiwa Dodoma, kilomita 330 hivi kwa mstari mnyoofu, mawimbi yanayokwenda chini huchoka njiani, na yale yanayoruka hutua mbele yake. Edward Appleton alithibitisha mwaka 1924 kwamba juu angani kuna tabaka linalorudisha mawimbi, na mchana karibu na ikweta tabaka hilo kwa kawaida hurudisha hata megahezi 7 zilizopanda wima. Basi egesha gari, funga ncha ya ufito kwa kamba ya nailoni, uinamishe ulale juu ya paa bila kuligusa. Kisha rudi kwenye koili, maana ufito ukikaribia bati masafa yake hushuka, na mizunguko uliyoihesabu ukiwa umesimama sasa imezidi kidogo.