Tazama Muhuri Kabla ya Bei
Tangu mwaka 1977 uwindaji umekatazwa katika Kenya, lakini nyama ya porini ingali yauzwa kwa siri. Ikisha kuchunwa na kukatwa vipande, ni nani awezaye kupambanua punda milia na ng'ombe? Nyama hiyo haikupita kwa mkaguzi, na hatari yake kubwa ni kimeta. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliwaua nyati wengi katika mbuga ya Nakuru. Mwenye kuchuna mzoga huambukizwa kwa jeraha dogo mkononi, na jamaa zake huambukizwa kwa kula. Basi mnunuzi mwenye busara huutazama kwanza muhuri wa mkaguzi, ndipo aulize bei. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Hii yaweza kuvunja nyumba.