Fahamu: Peptidi, ngao tuliyozaliwa nayo dhidi ya bakteria

Daktari Mmarekani Michael Zasloff aliwapasua vyura wenye kucha wa Afrika, akawashona na kuwarudisha kwenye maji yasiyo safi. Vidonda vilipona bila kutunga usaha. Mwaka 1987 alitangaza sababu: ngozi yao hutoa peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyoua bakteria. Aliziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Je, binadamu tunazo?
Ndiyo, za aina yetu. Ziko kwenye ngozi, mate, mapafu na utumbo, na hazisubiri kumfahamu adui kwanza.

Zinafanyaje kazi?
Nyingi zina chaji chanya, ilhali utando wa bakteria una chaji hasi. Huvutana, peptidi zikautoboa utando, bakteria akavuja na kufa.

Zikienda kombo?
Zikipungua, kama kwenye pumu ya ngozi, vijidudu hupata upenyo. Zikizidi, kama kwenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, huchochea wekundu na uvimbe.

Kwa nini tuzijali?
Usugu wa bakteria dhidi ya antibayotiki unaongezeka, na peptidi zinatazamwa kama chanzo cha dawa mpya. Lakini mwili huzivunja upesi, hivyo kazi bado ni kubwa. Kwa sasa, tusimeze antibayotiki ovyo, tusije tukauongeza usugu huo.